Majani Tisa, Ua Hakuna

Jumanne, 1 Julai

Huna haya wewe. Ndiyo, wewe okidi, uliyekaa hapo juu ya kabati kama mgeni anayengoja chai. Miaka mitatu nakulisha. Miaka mitatu! Umenipa nini? Majani. Majani tisa, mapana kama ulimi wa ng'ombe, kijani mpaka yanakaribia kuwa meusi. Ua hakuna. Hata moja la kunidanganya.

Naandika haya kwa sababu binti yangu Tabby amesema ati niwe naandika kila ninachoifanyia, tujue shida iko wapi. Shida naijua. Shida ni uvivu. Lakini nilifika darasa la nne na daftari niko nayo, basi naandika.

Tabby alipozaa mtoto wa kwanza alinunua okidi mbili. Moja yangu, moja ya mama mkwe wake kule Kerugoya. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Ndiyo desturi, na sikulalamika. Nililalamika kidogo. Kwa hivyo kuna Wachuka nyanya na Wachuka mtoto, na okidi ya Wachuka nyanya imeshachanua mara tatu. Mara tatu! Kila mara picha inatumwa.

Sasa Tabby amezaa msichana wa pili. Huyu ni wangu. Anaitwa Watiri kama mimi, na ana paji langu la uso, hata nesi alisema. Tarehe 28 Septemba anapelekwa kanisani, kisha tunakula kwa Tabby pale Nyeri mjini. Tabby anataka kila nyanya alete okidi yake, iwekwe mezani mbele ya mtoto wa jina lake.

Mbele ya Wachuka, maua. Mbele ya Watiri, sukuma wiki.

Haiwezekani. Leo nimeipa vijiko viwili vya mbolea ya majani chai, ile iliyolea shamba langu miaka arobaini. Halafu nikaifunika tena na kitambaa changu cha kufuma, kile cha rangi ya waridi, isishike vumbi. Mume wangu Wamae akauliza kama huo mmea unaona chochote huko ndani. Nikamwambia mbona yeye hushinda amefunga macho na bado ananenepa.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya kanisa nimempigia simu Wachuka wa Kerugoya. Huyo ni muthoni wangu, maana watoto wetu wameoana, na muthoni haongeleshwi ovyo. Hapingwi. Akiomba kitu hanyimwi. Basi tukaulizana habari za ng'ombe, tukaulizana habari za magoti, tukasifu mahubiri ya makanisa yote mawili. Ndipo nikamuuliza polepole, kama mtu anayepita tu, okidi yake huwa anaifanyia nini.

Akasema hafanyi kitu. Ati huisahau tu dirishani.

Anaisahau! Mimi sijawahi kuisahau yangu hata siku moja. Hiyo ni siri ananificha, na kwa vile ni muthoni siwezi kumwambia ni mwongo. Nimemwambia Mungu ambariki.

Nilipokata simu nikaikagua yangu vizuri. Mizizi imetoka nje ya chungu inaning'inia hewani kama nguo ambazo mtu amesahau kuanua. Aibu gani hii? Nimechukua kisu cha kupogolea majani chai nikaikata yote. Kisha okidi nikaitia kwenye sufuria kubwa iliyotoboka, nikajaza udongo mwekundu wa shamba hadi shingoni, nikaushindilia kwa ngumi. Sasa imesimama kama mtu mwenye adabu.

Alhamisi, 10 Julai

Majani mawili yamekuwa ya manjano. Saba yamebaki. Sikumwambia Tabby. Nimevaa viatu vya kanisa nikaenda Nyeri kwa Gikonyo, yule anayeuza miche kando ya barabara. Niliibeba okidi ndani ya kiondo, nimeifunika na kitambaa.

Gikonyo akaitazama sufuria. Akaniita shosho, kama nyanya yake, akauliza ni nani ameizika hii ikiwa hai.

Mdomo huo! Nilikuwa nageuka niondoke, lakini akauliza naipa nini. Nikamwambia kwa fahari: mbolea ya majani chai. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Alipoinuka akaniuliza katika shamba langu la majani chai huwa nachuma nini. Nikasema majani, wewe kijana, kwani watu huchuma nini? Akaniuliza na kichaka kikitoa maua je? Nikamwambia kwangu hakithubutu. Kichaka cha chai kikianza maua ni kwamba kina njaa au mwenyewe amelala, na mimi sijawahi kulala.

Akasema basi, shosho, umeomba majani miaka mitatu na umepewa majani. Unataka nini tena?

 Nilimwambia suruali yake imelowa.

Ameitoa kwenye udongo, akaiosha, akaiweka kwenye vipande vya maganda ya mti na makaa. Akasema mizizi ile ya hewani ndiyo midomo yake, na kwamba mimi nimekata midomo. Akanipa amri kama za Musa. Mbolea ya majani chai, mwisho. Kitambaa, mwisho. Ikae dirishani panapopita jua la asubuhi. Usiku dirisha liachwe wazi kidogo, maana baridi ya Julai ndiyo huiamsha. Maji mara moja kwa wiki. Na mikono yangu ikae mbali nayo.

Kijana wa juzi!

Jumamosi, 12 Julai

Nimefanya yote. Okidi iko kwenye dirisha la jikoni, uchi, bila kitambaa. Naona haya kwa niaba yake. Baridi inaingia usiku, Wamae analala na kofia.

Nilitaka tu kuipa chembe tano za mbolea, za kuagana nayo. Mfuko haupo stoo. Wamae anasema ni panya. Panya gani anabeba mfuko wa kilo hamsini? Anasema siku hizi panya wa hapa kwetu Othaya wanakula vizuri.

Jumatatu, 28 Julai

Hakuna kitu. Siku kumi na sita za kutoigusa! Ni kama kumwangalia mtoto akichezea kisu.

Ikabidi nitumie akili. Pale sokoni kuna mama anayeuza mashada ya mazishi, nikamwambia aning'olee ua moja. La plastiki, la zambarau, kubwa kama sahani ya kikombe. Nimelifunga kwenye kijiti kwa uzi wa kushonea, kijiti nikakichomeka katikati ya majani. Ukisimama mlangoni bila miwani ni okidi kabisa. Nikamwambia Wamae apige picha kwa simu nione inakaaje kwa picha.

Akapiga. Halafu akaituma kwa kundi la familia. Nikamuuliza nani amekutuma uitume! Akasema alifikiri picha ni za kutumwa.

Tabby ameandika analia kwa furaha. Ameweka vikatuni kumi vya machozi. Muthoni akaandika Bwana asifiwe, hawezi kungoja Septemba, na kwa vile Jumamosi anakuja kumwona mgonjwa Othaya, atapitia alione ua kwa macho yake.

Muthoni hazuiliwi. Nimemwambia karibu sana.

Jumamosi, 2 Agosti

Amekuja. Nimechinja kuku ili tukae mezani muda mrefu na jikoni tusifike. Alikula, akashukuru, akasimama, akauliza ua liko wapi.

Alilitazama sana. Akasema aina hii hajawahi kuiona. Nikasema ni ya huku kwetu, ya baridi. Akauliza kama hulinywesha maji mengi. Wamae, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema hilo hata ukilisahau halina neno.

Muthoni akavaa miwani. Nikaangalia dari. Nilijua sasa nimeisha, jambo hili litafika Kerugoya kabla ya chai kupoa, na siku ya kanisa watu watamwonyesha Watiri mdogo kwa kidole: huyu ndiye mjukuu wa yule wa plastiki.

Muthoni hakusema hivyo. Alisema ua limempendeza mno, na kwamba kama sitajali angependa kwenda nalo hilo hilo moja nyumbani kwake.

Muthoni hanyimwi kitu. Nikasema chukua, muthoni wangu. Akafungua uzi taratibu kwa vidole vyake, akalitia ua kwenye kiondo, akalifunika na leso. Kisha akainama, akanionyesha kitu chini ya jani la pili. Kidole cha kijani, kimejikunja kwenye ncha kama ngumi ya mtoto mchanga. Akasema sasa hili dogo litapata nafasi.

Hicho kidole nilikiona Alhamisi. Nilifikiri ni mzizi mwingine. Kisu nilikuwa nimeshakinoa!

Jioni ameandika kwenye kundi: muthoni wangu amenizawadia ua lake, la pili linakuja njiani, tuombe. Nilikuwa nimempa mayai trei nzima, ndizi na kuku hai. Kwa nini aliliomba lile ua sijui. Nafikiri alinionea wivu. Wamae alinitazama akaniuliza mbona macho yana maji. Ni moshi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kidole kimefika urefu wa kijiko. Sijakigusa. Nimekigusa kidogo. Kilikuwa kimeinamia dirishani kama mtu anayechungulia mambo ya jirani, nikageuza chungu kinitazame mimi. Kesho yake kimegeuka tena dirishani. Kina kichwa kigumu. Huyu ni wa kwetu kweli.

Jumatatu, 22 Septemba

Sita! Vitumba sita, vimepangana kwenye shina, kila kimoja kama punje ya maharagwe. Na kile cha kwanza leo asubuhi kimepasuka ufa mwembamba, ndani kuna weupe na mstari mwekundu. Nimepiga magoti jikoni. Magoti haya, na nimeinuka bila kushikwa.

Nimempigia Gikonyo. Anasema ni kazi nzuri, shosho, sasa usifanye kitu chochote. Nimempigia Tabby, amemweka Watiri kwenye simu, na mtoto akapiga kelele kwa sauti yangu kabisa. Tabby anasema hata kikifunguka kimoja tu kinatosha, na visipofunguka vitumba pia ni vizuri, mtoto mwenyewe bado ni kitumba.

Maneno mazuri. Lakini muthoni ametuma picha. Yake ina maua manane wazi.

Zimebaki siku sita, vitumba sita. Kimoja kwa siku, hesabu inaingia vizuri, ila Jumapili yenyewe ni safari. Lazima vichangamshwe. Na hii si ukaidi. Nimeelewa kila kitu: mbolea ya majani chai ni ya majani, sawa, lakini haya majani saba si ndiyo yanayobeba maua? Mwenye mzigo hulishwa.

Tena nimempata panya. Mfuko uko chini ya kitanda cha wageni, na panya ameufunika kwa kitambaa changu cha waridi ili nisiuone. Huyo namsikia anafungua mlango.

Wamae! Kabla hujavua viatu, vuta huo mfuko uulete jikoni. Kijiko kimoja tu. Leta na kile kikubwa.