Jinsi Munyiva Alivyomrejesha Samaki Majini Pale Adams Arcade

Enyi mnaosubiri zamu, popote mnaposubiri, lazeni simu zenu mapajani mnisikilize, niwasimulie vita vilivyopiganwa Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, katika chumba cha wagonjwa wa meno, ghorofa ya pili, mkabala na Adams Arcade. Vita ambavyo wapitao Ngong Road hawakuvisikia hata chembe.

Palikuwa na Munyiva wa Mutuini, mshika ufagio asiyeshindwa na vumbi, mtumishi wa Daktari Manpreet kwa miaka sita. Tena palikuwa na tangi la maji ya chumvi, na ndani yake samaki mmoja mwembamba kama mkunga, urefu wake kidole cha shahada, wa ukoo wa wale wakaao katika vidimbwi vya miambani huko pwani. Kila asubuhi samaki huyo alichomoza kichwa katika tundu la jiwe lake, akamtazama Munyiva akipiga deki. Naye Munyiva, ambaye wanawe wote walikwisha kuhama, alimsalimu kabla ya kumsalimu binadamu yeyote.

Siku hiyo alimlisha, simu ya mapokezi ikalia, akakimbia kuipokea, akasahau kufunika tangi. Aliporudi, tundu lilikuwa tupu.

Moyo ukamshuka kama ndoo iliyokatika kamba. Akapiga magoti, akafuata michirizi ya maji hadi chini ya kochi, na juu ya kochi hilo ameketi Mzee Mungai, mchoma nyama mashuhuri wa Kenyatta Market, shavu limevimba kama andazi, shujaa aliyekwisha kulikimbia koleo la daktari mara mbili.

"Mzee," akanena Munyiva, "chini yako amelala mgeni wa bahari, na pumzi zake zinahesabika. Kosa ni langu, mimi niliyeacha lango la ngome wazi. Nakuomba uinuke, ukiinue na kiti hiki, nisije nikasimama mbele ya daktari mikono mitupu."

Mzee Mungai akainama, akachungulia. "Hiyo kitu si ni nyoka?"

"Ni samaki."

"Samaki ya kutembea?"

"Kwao hutembea, mzee. Maji yakipwa, huteleza toka kidimbwi hiki hadi kile. Huyu anatafuta kidimbwi cha pili, na hapa Nairobi hakuna."

Mzee Mungai akainuka. Kwa mikono iliyozoea kubeba mbuzi mzima, akaliinua kochi upande mmoja. Munyiva akashambulia, adui akamponyoka vidoleni kama sabuni. Akashambulia tena, akaambulia vumbi. Ndipo akaacha nguvu, akashika hekima: akaivua aproni yake, akaichovya tangini, akaitandaza penye kona, akatulia kimya.

Samaki akasita. Akaionja chumvi. Akajikokota hadi ndani ya kitambaa, na Munyiva akamfunga kama mama afungaye mtoto, akamrudisha majini.

Daktari Manpreet akatoka, glavu mkononi. Munyiva akaungama yote bila kupunguza neno.

Daktari akatazama tangi. Kichwa kidogo kilichomoza tunduni. "Kumtoa baharini," akasema, "tulikuwa watu wanne na wavu. Kaa kidogo, Munyiva, upumzike."

"Niteremshe hii?" akauliza Mzee Mungai, kochi lingali mikononi.

Akaliteremsha, kisha akaingia kwa daktari mwenyewe, bila kusukumwa. Basi na ijulikane toka Mutuini hadi Kenyatta Market: asubuhi hiyo jino liling'oka, bahari ilirudishiwa mwana wake, na Munyiva wa Mutuini aliketi kwenye kochi la wagonjwa kwa mara ya kwanza katika miaka sita, wala hapakuwa na mtu wa kumwondoa.