Mtamba kwa Mtaro wa Kale

Mtu mwingine akiona mahindi huona ugali. Austine Ondiek aliona mali. Tusimlaumu sana, Mungu aligawa macho kwa mafungu, naye alipewa yale yanayotazama vya wenzake.

Siku hiyo alikuwa amempeleka abiria Moiben kwa pikipiki. Wakati wa kurudi alisimama kando ya shamba moja ili ajisaidie, na hapo akaona jambo la ajabu. Katikati ya shamba, mahindi yalikuwa marefu na ya kijani kibichi katika ukanda mmoja uliopinda kama mundu. Sambamba nao ulipita ukanda wa mahindi mafupi, ya manjano, yenye kutia huruma.

Ondiek aliwahi kuwashikia watafiti wa mambo ya kale futi ya kupimia kwa miezi miwili. Walimfukuza kwa sababu ambazo hatutazitaja mbele za watu, lakini elimu haifukuzwi. Alijua kwamba mtaro wa zamani ukijaa udongo hutunza unyevu, na mahindi juu yake hunawiri. Tuta la kando huacha kokoto zisizolea kitu. Kwa hiyo chini ya shamba lile palikuwa na mji uliojizungushia mtaro na tuta ili kuwazuia maadui, miaka mia tano au sita iliyopita. Maadui walishakwisha. Ondiek alikuwepo.

Kesho yake alirudi na kofia ngumu ya manjano, jaketi la kung'aa, na kadi shingoni iliyoandikwa Daktari A. Ondiek. Mwenye shamba, Mama Chelimo, mjane mpole mwenye ng'ombe kumi na wawili, alimpokea langoni.

"Mama, uko na mji chini ya shamba yako," alisema Ondiek.

"Mji? Na hao watu hawalipi rent?"

"Ni mji ya zamani, Mama. Ni heritage!" Akaokota kijiti na kuchora duara kubwa mavumbini. "Mtaro inazunguka hivi, yote. Ikisajiliwa, serikali inakulipa mamilioni."

"Yesu wangu!" Mama Chelimo alishika kifua. "Na wewe, Daktari, unataka nini?"

"Mimi ni mtumishi tu. Lakini kuna ile kitu kidogo ya kusukuma file."

"Pesa sina. Niko tu na ng'ombe."

Macho ya Ondiek yalikuwa yameshafika zizini, kwa mtamba mmoja wa gredi, wa ukoo wa maziwa mengi, mwenye mimba. Mama aliyafuata macho hayo bila haraka.

"Huyo utamchukua," alisema, "siku utanionyesha huo mtaro mpaka mwisho. Sitaki kuambiwa mamilioni na nimeona nusu."

Ondiek alikubali kabla Mama hajamaliza kusema. Alikimbia mtaani kwake Langas akamtafuta Mabonga na vijana wake watatu, wachimbaji wa vyoo wenye mikono ya chuma. Pesa hakuwa nazo, kwa hiyo aliweka pikipiki rehani: atawalipa akimuuza mtamba, na mtamba asipopatikana kufikia Ijumaa, pikipiki ni yao. Christabel, mchumba wake, alikuwa ameuza cherehani yake ili pikipiki ile inunuliwe, kwa ahadi ya harusi Disemba. Ondiek alimpenda kwa dhati. Tatizo ni kwamba alimpenda na mtamba pia.

Wakachimba siku nne. Udongo ulikuwa laini, nao Mama Chelimo hakukosa kuleta chai, viazi na ushauri.

"Daktari, hizo kuta zilaze kidogo, zisianguke."

"Sawa, Mama."

"Na hapa weka mteremko. Ndio wageni waingie vizuri kuona historia."

"Umefikiria mbali, Mama!"

Alipoleta polithini nyeusi, mpya, ya kutandika mtaro wote eti mambo ya kale yasilowe, Ondiek nusura atokwe na machozi. Tamaa imempanda Mama kichwani, alijiambia, na usiku ule alimwota mtamba akizaa mapacha.

Ijumaa asubuhi trekta liliingia shambani likivuta mashine ya kukatakata. Majirani walikuwa wameshafyeka mahindi mabichi, yenye maziwa bado. Mashine ikanguruma, na mahindi, mabua na yote, yakaanza kumwagika mtaroni juu ya polithini.

"Mama! Hiyo ni mji!"

"Ni silage, Daktari. Chakula ya ng'ombe ya kiangazi. Kwani Langas hamna ng'ombe?" Akalainisha sauti. "Miaka tatu natafuta mahali pa kuchimba. Kila mahali ni mwamba, majembe imevunjika mpaka nimechoka. Kumbe watu wa kale walishavunja huo mwamba! Ubarikiwe."

Ondiek alielekeza kidole zizini. "Na mtamba yangu?"

"Si huyo hapo? Nionyeshe tu mwisho ya mtaro."

"Lakini Mama, duara haina mwisho!"

"Hata mimi niliona hivyo," alisema Mama Chelimo kwa masikitiko makubwa.

Mabonga, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alinyoosha mkono. Ondiek akatoa ufunguo. Wale wanne walipanda pikipiki moja na kuondoka. Ondiek akamgeukia Mama kwa hasira.

"Nitakureport! Kuharibu mambo ya kale ni makosa!"

"Report. Wakija nitawaambia nani alichimba. Si jina iko hapo kifuani?"

Ondiek aliifunika kadi kwa kiganja.

"Sasa panda hapo juu ukanyage na wengine," alisema Mama. "Ikibaki na hewa inaoza. Jioni nitakupa fare."

Akapanda. Wajanja wa Langas hawapendi kusikia sehemu hii, lakini alikanyaga vizuri kuliko wote. Mahindi yalikuwa yamemfika magotini simu ilipolia.

"Austine, uko wapi?" aliuliza Christabel.

"Niko job, sweetie."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane kumjibu swali hilo kwa kweli tupu, na utamu wa ukweli ulimshangaza. Akasimama wima, akatabasamu.

"Na pikipiki?"

"Halo? Halo? Christabel, huku network ni mbaya," alisema Ondiek, akazima simu na kuendelea kukanyaga.