Ufunguzi wa Maabara ya Vijidudu Sugu, Kamina

Mheshimiwa Mwakilishi wa Bwana Mkubwa, ambaye hakufika kwa sababu ya vita, Waheshimiwa Machifu, Mapadri na Mashehe, Makomanda mlioketi mbele bila kualikwa, karibuni sana, mababa na bamama wa Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu: mimi, Nday Nicodème, Direkta wa Muda tangu mwaka tisini na mbili, nina heshima, na ninyi mna heshima ya kunisikiliza (makofi kutoka mstari wa wafanyakazi wake), siku hii ya Novemba 1999, ambapo, licha ya treni ya Lubumbashi kutoonekana wiki tano, na licha ya wivu wa watu ninaowajua kwa majina, tunafungua rasmi Maabara ya Utafiti wa Vijidudu Sugu kwa Sefalosporini.

Sefalosporini ni nini? Asanteni kwa kujiuliza. Ni ile sindano ya unga mweupe, dawa kali ya vidonda. Na kijidudu sugu ni yule aliyeonjeshwa dawa kidogo kidogo, akaizoea, sasa anaicheka. Hapo ofisi yangu haikulala. Vilipofika vichupa arobaini na viwili, daktari alitaka kuwapa wagonjwa sita tu, siku saba kila mmoja. Huo, ndugu zangu, ni ubaguzi. Mimi, kwa jina la egalité, yaani usawa, nilitoa sirkileri, waraka wenye muhuri: kila familia sindano moja, Wakatoliki na Waislamu sawasawa. (Minong'ono.) Matokeo: walioridhika ni asilimia mia moja na nne, na vijidudu sugu, ambao zamani hatukuwa nao hata mmoja, leo tunao wa kututosha utafiti wa miaka ishirini. (Kicheko nyuma.) Kinshasa wanaweza kusema hivyo?

(Mama Lucienne, muuza mihogo, anasimama na kichupa cha usaha mkononi. “Patron, bwana yangu Mbuyu balimupiga risasi ku muguu. Ile sindano yako moja haikumuponesha. Dokteri anasema bapime huu usaha leo, bajue dawa gani itaweza. Kama hapana, kesho anakata muguu. Mimi nipatie nani hii chupa?”)

Swali la kitaalamu sana, mama, na limeingia katika ripoti. Awamu ya kwanza ni kuhamasisha. Ya pili, semina. Ya tatu, tathmini ya semina. Vyombo vya kupimia vitafuata, kadiri hali ya usalama itakavyoruhusu. (“Bwana yangu hana awamu,” anasema Mama Lucienne.) Andikeni na hilo.

Semeni nami: Vijidudu sugu! (Chini!) Sindano! (Juu!) Direkta! (Mtu anakohoa.)

Namalizia kwa shukrani za pekee kwa Mzee Bilali, mfanyabiashara wetu, aliyetuazima mlango wa duka lake pamoja na fremu yake, tukausimamisha hapa penye majani ili tupate pa kufunga utepe. Msiuegemee, nyuma hakuna ukuta wa kuushika, na mwenyewe anauhitaji saa kumi. Mama Lucienne, kwa heshima yako, pita wewe wa kwanza.

(Anapita na chupa yake. Anasimama upande wa pili, majani yakimfika magotini, akitafuta wa kumpa.)