Manukato Yasiyopiga Kelele

Binamu yangu Baba Mijbil ndiye mtu mnyenyekevu kuliko wote hapa Kuwait, na hilo ameniambia mwenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi msikitini.

Unyenyekevu huo aliununua Paris, ndani ya chupa. Ni manukato ya zamani: waridi kidogo, yasmini kidogo, na kitu kingine kinachokaribia kuwa sabuni. Hayamvamii mtu. Yanakaa kimya shingoni yakingoja usogee. Tangu aliporudi nayo, alipiga marufuku udi nyumbani kwake na kutuita washamba sisi tunaojifukiza.

"Manukato ya kistaarabu hayapigi kelele," alituhubiria barazani kila jioni, akipiga kelele.

Sisi hatukusikia harufu yoyote. Tulimwambia ananukia vizuri ili anyamaze.

Siku wazee wa kijana Jarrah walipokuja kumposa bintiye, Lulwa, mimi ndiye niliyemimina kahawa. Vijana walikuwa wameshapendana. Kilichobaki ni Mzee Ghanim, babu yake Jarrah, atamke posa, nasi tuitikie. Lulwa alikuwa nyuma ya mlango na mama yake, roho juu.

Mzee akakohoa. "Sasa, Baba Mijbil, sisi tumekuja..."

"Kabla hujaendelea, mzee wangu," binamu yangu akamkata, akipunga mkono wa kanzu mbele ya pua za wageni. "Hamhisi kitu?"

Wageni wakatazamana. Wenyewe walikuwa wamejifukiza udi hadi viatuni; hata jiko lingeungua wasingejua.

"Baridi kidogo," akasema mmoja. "Labda mpunguze kiyoyozi."

Baba Mijbil akakimbilia ndani. Nikamsikia mkewe akimwuliza, "We baba, unataka kuoga chupa nzima?" Akarudi shingo imelowa, akajibana katikati ya wageni.

"Tulikuwa tunasema," akaanza tena Mzee Ghanim, "tumekuja..."

"Na sasa je, mzee?"

Mzee akanusa kwa adabu, akasikitika. "Mwanangu, naona nyumba haijafukizwa. Mna msiba? Tungejua tungekuja siku nyingine."

Hilo lilimchoma. Yeye aambiwe nyumba yake haina harufu, tena mbele ya wakwe! Akasahau Paris, akasahau na kilichowaleta wageni. "Leteni udi!" akaamuru.

Nilimkonyeza hadi jicho likauma. Haikusaidia. Chetezo alichokuwa amekificha mkewe kikaja kinafuka moshi. Sasa, kwetu udi ndio kwaheri yenyewe. Ukishapitishwa, mgeni anafukiza ndevu, anashukuru na kuondoka, na anayebaki kukaa hana haya. Posa haijatamkwa, na Mzee Ghanim keshaoneshwa mlango.

"Tumeelewa," akasema taratibu. Wote wakasimama. Nyuma ya mlango nikamsikia Lulwa akianza kulia.

"Mzee, sikukusudia, kaeni kwanza," binamu yangu akabembeleza. Mzee akanyoosha mkono wa kuaga. Ikabaki kuagana tu. Baba Mijbil akainama kumbusu pua, kama tunavyowafanyia wazee, na mzee akamshika kichwa kwa mikono yote miwili asimwachie.

"Sogea," akasema. Akanusa nyuma ya sikio, akanusa tena, macho yakamjaa machozi. "Haya ni ya Hussa, marehemu mke wangu. Alikuwa akijipaka haya chini ya udi wake, kwa ajili yangu peke yangu. Wewe manukato ya wanawake umeyatoa wapi?"

Baraza zima likamtazama Baba Mijbil. Angeweza kukana. Angeweza kutusomea hotuba kuhusu Paris. Akageuka, akautazama mlango ambao bintiye alikuwa akilia nyuma yake.

"Ni ya wanawake, mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Najipaka kila siku."

"Basi na tukae," akasema Mzee Ghanim, na kabla mwenyeji hajapata nafasi ya kufungua mdomo, akawa ameshamposea Jarrah.

Arusi ilifana. Mzee alikataa kiti cha heshima, akataka akae bega kwa bega na binamu yangu, amemshika mkono, macho ameyafumba. Wageni wakiwa wamejaa ukumbini, akamwegemea shingoni na kuita kwa upole, "Hussa."

Sote tulisikia. Baba Mijbil akatutazama mmoja mmoja.

"Labeka," akaitika.