Wiki Niliyorudi Kutoka Kioto

Jumatatu, 1 Machi 1982
Mjomba amekata shauri: nisipopata kazi wiki hii, nakwenda Kinna kuchunga ngamia wake. Ngamia hawanipendi! Nikaenda kwa Mzee Hirbo, mwenye loji, anayetafuta mtu wa kutembeza watalii. Nikamkuta Elmi amenitangulia. Elmi anajua kila mnyama wa mbuga na nyayo zake. Mimi najua punda.

Nikasema mwaka jana nilitembezwa Kioto, Japani, wiki mbili nzima, kwa hiyo utalii naujua. Nikaeleza nyumba ya dhahabu kando ya maji, mwanamke mwenye uso mweupe pepepe, na jinsi wageni wanavyovua viatu na kunywa chai mkekani. Vyote nimeviona kwenye kalenda ya duka. Mzee kafurahi. Elmi kanuna!

Jumanne, 2 Machi
Mazoezi ya chai ya Kijapani nyumbani. Nimewavua wote viatu, nikamwamuru dada yangu Gumato ainame kabla ya kupokea bakuli. Kainama nalo, chai yote ikamwagika. Mama kauliza kama nina malaria.

Jumatano, 3 Machi
Balaa! Elmi kagundua kuna Mjapani mchimba visima, kesho atakuja kula lojini. Mzee atamuuliza yote niliyosema. Nimejaribu kuumwa tumbo. Mama kanipa shubiri, nimepona papo hapo.

Alhamisi, 4 Machi
Mjapani anaitwa Bwana Nishimura, Kiswahili chake cha kuokoteza. Elmi kanitaka mimi mwenyewe nimtajie ule mji. Nimeogopa, naandika bila aibu. Ulimi ukateleza. Ikatoka “Kotu.”

Mjapani akatabasamu, akasema anapajua sana. Mzee akauliza kama kweli kuna nyumba inayong'aa kando ya maji.

“Ipo,” akasema. “Mimi nimejenga.”

Mzee akavua kofia. Na mwanamke wa uso mweupe?

“Mama mzuri. Kila siku unga, unga.”

Viatu je? Akasema huvua mlangoni, hupewa chai mkekani, watu wakarimu mno.

Hapo ndipo nikaelewa. Kasikia Gotu! Yuko hapo Gotu, kijiji cha jirani, tangu Desemba, anachimba kisima. Nyumba inayong'aa ni kibanda cha pampu, mabati mapya. Mwanamke ni yule wa kinu cha posho, unga umemjaa usoni. Nikamwongezea Bwana Nishimura chai. Elmi kasukuma sahani yake pembeni.

Kazi ni yangu! Nimepumua mpaka kifungo cha shati kikang'oka. Ngamia wabaki na amani yao.

Jumapili, 7 Machi
Asubuhi nimemwapia Mama: uongo basi, nimeponea chupuchupu, kuanzia leo ni ukweli mtupu. Mama kalia kwa furaha.

Jioni Mzee Hirbo kaja na wageni Wafaransa. Kauliza kama nilipokwenda Japani nilipitia Paris.

Sikutaka kujikweza. Nikamwambia nilikaa siku tatu tu.