Namba Moja wa Nyaramba

Ochoki hakulima wala hakuajiriwa. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wenye pesa wakilalamika, kisha kuwauzia dawa ya malalamiko yao. Siku moja alijikinga mvua katika duka la vifaa vya ujenzi la Jaffer, mjini Kisii, akamkuta tajiri huyo amenuna. Binti yake Anisa alisoma shule kubwa ya kitaifa, ile ambayo watu huitaja kama wanasali, na bado alikuwa amepata nafasi ya mia mbili na kitu. Jaffer alitaka binti daktari, shule ikampa wa mkia.

"Mzee Jaffer, mtoto hana shida. Shida ni foleni," Ochoki akasema. "Siku hizi chuo kikuu kinachukua namba moja wa kila shule. Mlete shule ya kutwa, kule kwetu Nyaramba, na atakuwa namba moja bila jasho."

Alipoulizwa amejuaje, akamtaja mtu wake wa chuoni, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Akaongeza kwamba nafasi za shule hiyo zinagombaniwa, ila yeye anaweza kupenyeza mmoja. Kumbe mwalimu mkuu, Bi Nyanchama, alikuwa akipita nyumba hadi nyumba akiomba wanafunzi wa kujaza madawati. Kuuza nafasi pale ni kama kuuza mvua Nyamira, ambako hunyesha kila siku. Lakini Jaffer, anayehesabu misumari mmoja mmoja, aliumeza uongo huo mzima. Anisa angekaa kwa shangazi yake, mwenye duka la vitambaa Nyaramba.

"Na mambo yakiharibika, utanirudishia?"

"Mzee, si wewe mwenyewe umebandika pale ukutani? Mali ikishauzwa hairudishwi."

Jaffer akacheka, akamlipa kwa mabati ya kijani ya kutosha nyumba nzima.

Uongo huo Ochoki aliuokota nyumbani. Wana wa Nyaramba waliohamia Minnesota, Marekani, walikuwa wakimlipia karo ya chuo mwanafunzi wa kwanza wa shule hiyo kila mwaka. Na tangu kidato cha kwanza, wa kwanza alikuwa Bonareri, binti ya Ochoki mwenyewe. Hakuna kitu kingine alichokipenda bila hila. Alitaka awe nesi, na karo hakuwa nayo. Anisa hakumtia hofu hata kidogo, maana mtoto wa mkia angemfanya nini mtoto wa kichwa?

Mjanja mzima hakujua kwamba mkia wa shule ile uko juu ya kichwa cha shule hii. Mtihani wa kwanza wa kidato cha nne Anisa akaongoza, na hakushuka tena. Msichana huyo hakuwa na roho mbaya. Jioni alimfundisha Bonareri kemia, naye Bonareri akapanda kuliko alivyowahi kupanda, akabaki wa pili.

Matokeo ya mwisho yakatoka. Chuo hakikuuliza nani alisoma wapi wala alikuwa wa ngapi. Kilitazama alama tu, kikawaita wote wawili, Anisa kwa udaktari na Bonareri kwa unesi. Waliouliza ni watu wa Minnesota, na Bi Nyanchama akawapa jina la Anisa.

Ochoki alikimbilia Kisii akatubu yote. Akasema mtu wa chuoni hayupo, akamsihi Jaffer amwachie Bonareri ufadhili huo, kwa kuwa yeye ana uwezo.

"Uliniambia namba moja anachukuliwa. Si amechukuliwa?" Jaffer akasema. "Uongo uko wapi?"

"Nitarudisha mabati, mzee. Yote."

Jaffer hakuinua hata kichwa. Alinyoosha kalamu kuelekea ukutani.

Nyumba ya Ochoki sasa ndiyo inayopendeza kuliko zote kijijini. Juzi Bonareri alirudi kutoka kuchuma chai, akatua kikapu mlangoni huku mvua ikinyesha.

"Baba," akauliza, "hivi ni nani alimwonyesha Anisa shule yetu?"

Ochoki alitazama juu. Mabati hayakuvuja hata tone.