Mji wa Ziwani Hauhamishwi

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Mkutano wa hadhara. Nilifika mapema, wengine walichelewa. Katibu Kata, Ndugu Cleopa, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate, ametangaza kwamba sisi tunaokaa huku na huko pembezoni mwa Kilosa tutakusanywa tuwe kijiji kimoja. Mahali pawili panafikiriwa. Ama hapa kwetu Ziwani, ama kule Kilimani kwa Lupakisyo. Upande utakaokosa utabomoa nyumba zake na kuhama kabla ya mvua. Atakuja kukagua mwisho wa mwezi.

Kubomoa! Nyumba yangu ni ya bati. Niliijenga kwa kiinua mgongo changu chote baada ya kufundisha historia na jiografia tangu enzi za Mwingereza. Michungwa yangu ndiyo kwanza inazaa. Sihami.

Nilisimama nikasema kwamba mji wa Ziwani una historia ndefu na jiografia ya pekee, na kwamba nitaiandika yote na kuikabidhi serikali. Lupakisyo akauliza kwa sauti, mji gani? Yeye anajua nyumba saba, bwawa moja na mbuzi wa Mwanakheri. Watu wakacheka. Lupakisyo ni mstaafu wa reli, na cheko lake husikika mpaka stesheni. Miongoni mwa waliocheka walikuwamo niliowafundisha mimi mwenyewe. Nimewakumbuka kwa majina.

Jumanne, 3 Septemba 1974

Nimeanza na jiografia. Nimekwenda kulipima ziwa. Kwa majira haya ya kiangazi ziwa limejikusanya katikati. Mbuzi walikuwa wakilivuka bila kulowa magoti. Mimi nilizama mpaka gotini na kiatu kimoja kimebaki humo.

Watu wasio na elimu huliita bwawa. Ni kosa. Bwawa huchimbwa na watu, ziwa huumbwa na Mungu. Nilikuwa nikimweleza hivyo mke wangu, Anastazia, Lupakisyo akapita barabarani na baiskeli yake, akasimama bila kualikwa. Akasema hilo ziwa alilichimba yeye. Alikuwa kijana, shamba la mkonge lilitaka maji ya kusafishia nyuzi, nao wakachimba kiangazi kizima, udongo wakaubeba kichwani kwa karai. Akavua kandambili akanionyesha kovu la sururu mguuni.

Nilimjibu kwamba ziwa lilikuwapo tangu zamani, wao walilifukua tu.

Akacheka mpaka akakaa chini. Baiskeli ikamwangukia. Jibu langu linabaki palepale.

Ijumaa, 6 Septemba 1974

Historia. Kazi nyepesi kwa mtu aliyezoea kufikiri. Misafara ya pembe za ndovu ilipita Kilosa. Hilo halina ubishi. Watu waliosafiri kwa miguu walikuwa na kiu. Hilo pia halina ubishi. Basi walikunywa wapi? Nimeandika: Ziwani.

Mchana nilikwenda kwa jirani yangu Mwanakheri, ambaye ukoo wake umekaa hapa kabla ya reli na kabla ya mkonge. Analima mboga na mpunga kidogo ukingoni mwa ziwa. Nikamwuliza babu yake alimsimulia nini juu ya mji huu. Akasema babu alimwambia hapa palikuwa pori tupu, simba wengi, na mjinga mmoja aliyekaa peke yake akijisemesha.

Nimeandika: "Wakazi wa mwanzo walikuwa wachache, wenye fikra."

Jumamosi, 7 Septemba 1974

Mpango mkubwa! Ziwa lazima lionekane ziwa atakapofika Katibu Kata. Juu ya mpunga wa Mwanakheri kuna mfereji wa zamani wa lile shamba la mkonge, ulioziba kwa tope na nyasi. Nimeuzibua. Nimechimba tangu alfajiri, nami ni mtu mzima. Anastazia alishika taa ya mkono, kisha akashika jembe la pili, kisha akashika kiuno akasema, Baba Hildegarda, umri huu watu hufuga kuku.

Saa nne maji yakaja! Mengi! Mungu mkubwa!

Ziwa bila samaki si ziwa. Nikaenda sokoni kwa wauza samaki wa mto Mkondoa nikapata kambale hai, ndoo nzima. Nimewamimina kwa heshima. Wakazama bila kuaga.

Jumapili, 8 Septemba 1974

Ziwa limepanuka kuliko nilivyokadiria. Limeingia kwenye mboga za Mwanakheri, limepita jikoni kwetu na limefika chooni. Choo hakitumiki. Kuku wamehamia juu ya bati. Anastazia amekwenda kanisani peke yake.

Adhuhuri alikuja mjukuu wa Lupakisyo. Akanisalimu shikamoo vizuri kabisa, nikamwitikia marahaba, kisha akatoa ujumbe. Babu anashukuru sana kwa kitoweo. Kambale wamekutwa barabarani wakitembea kwa tumbo, na watoto wamewaokota wote. Babu anauliza nitamwaga lini tena, na kama inawezekana safari ijayo niweke sato, maana kambale wana harufu ya tope.

Nimepunguza maji ya mfereji kwa mawe. Ziwa sasa lina ukubwa wa kiserikali.

Jumatano, 25 Septemba 1974

Nimemaliza kunakili "Historia na Jiografia ya Mji wa Ziwani". Sura tano. Hakuna kosa hata moja. Sura ya udongo ni nzuri mno, nimeisoma mara tatu.

Yale maji yamefanya ajabu. Mchicha wa Mwanakheri umefika kifuani. Bamia zinasimama kama askari. Michungwa yangu imechanua huku bado ina matunda. Katibu Kata akiona haya yote na bado akasema tuhame, basi hana macho.

Leo jioni Mwanakheri alikuja kuniomba jambo la kipuuzi. Ati kesho nisionyeshe mboga. Ati nimpeleke mgeni chooni kwanza. Nikamwambia mgeni wa serikali hapelekwi chooni mpaka aombe mwenyewe.

Alhamisi, 26 Septemba 1974

Ukaguzi. Ndugu Cleopa alikuja na Bwana Shamba, mtu mnene, mpole, mwenye kalamu mbili. Nilimkabidhi Katibu kazi yangu kwa mikono miwili. Akashangaa uzito wake.

Tulizunguka ziwa. Bata wa Mwanakheri waliogelea vizuri. Kila kitu kilikwenda sawasawa mpaka Bwana Shamba alipomwuliza Mwanakheri mazao yanaendeleaje.

Mwanamke huyu akaanza kulia! Akasema ardhi hii imekufa, baba. Ina chumvi. Hata kunde hazioti. Akasema kama si rehema ya Mwenyezi Mungu na dagaa wa kukopa, wangekwisha kuzikwa wote. Aliyasema haya akiwa amesimama katikati ya mchicha, anaonekana kichwa na mabega tu.

Uongo! Mbele ya serikali! Katika maisha yangu yote sijapata kuacha kosa lisimame mbele ya darasa. Nikasema, Ndugu Katibu, samahani, mama huyu amekosea. Nikaonyesha bamia. Nikaonyesha mpunga. Nikaeleza kwamba ndizi za hapa huhitaji watu wawili kubeba mkungu mmoja. Mwanakheri akanikanyaga mguu. Nikamwomba aangalie anapokanyaga. Akanikanyaga tena, akasema maneno ya Kisagara ambayo sitayaandika humu.

Niliwapa wageni machungwa. Bwana Shamba alikula matatu. Akachukua udongo, akausugua vidoleni, akaunusa, akaandika mpaka kalamu ya kwanza ikaisha wino.

Kisha tukapanda Kilimani. Hapo ndipo nilipojua ushindi ni wangu. Lupakisyo aliwapokea wageni kwa sahani ya kokoto. Akasema, karibuni, haya ndiyo mavuno ya mwaka huu. Akasema huku hata magugu huomba ruhusa ya kuhama. Akasema panya wa Kilimani hushuka Ziwani kula na hurudi kulala tu. Wageni walicheka sana. Mzee mzima, anajidhalilisha hivyo! Nani anayeikashifu ardhi yake mwenyewe mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumhamisha? Karibu nimwonee huruma.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Anastazia kwamba Lupakisyo amekwisha. Anastazia alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Labda ni fahari.

Jumamosi, 28 Septemba 1974

Sina hamu ya kuandika. Lakini shajara ni wajibu.

Mkutano ulijaa. Katibu Kata alisoma kazi yangu kwa sauti, sura baada ya sura. Aliposoma habari za maji yasiyokauka, Bwana Shamba akatikisa kichwa kukubali. Aliposoma habari za udongo, akainuka kabisa. Ndugu Cleopa akasema kama kila mwananchi angelijua eneo lake kama Mwalimu Melkizedek, taifa lingekuwa mbali. Makofi! Nilifungua kifungo cha koti.

Kisha akasema: kwa sababu hiyo basi, Ziwani yote itakuwa shamba la kijiji. Ardhi njema kiasi hicho haiwezi kupotezwa kwa kujengewa nyumba. Nyumba zitakwenda Kilimani, ambako, kama Mzee Lupakisyo alivyoeleza kwa ukweli, hakuoti kitu.

Nikasimama kupinga. Katibu alidhani nimesimama kupokea pongezi. Akaomba nipigiwe makofi tena. Nikapigiwa. Sijui hata niliketi saa ngapi.

Lupakisyo hahami hata kuku mmoja. Kijiji kizima kinamfuata alipo.

Tulirudi nyumbani. Mwanakheri alikuwa mbele yetu, mgongo wake peke yake ulikuwa unanitukana. Tulipofika mlangoni Anastazia akasema, Baba Hildegarda, ungewaonyesha choo badala ya mboga, tungebaki.

Nimetafakari. Kosa ni la Mwanakheri. Asingesema uongo, nisingekuwa na haja ya kumsahihisha.

Jumamosi, 19 Oktoba 1974

Tumehama.

Tulianza kubomoa alfajiri. Misumari nimeing'oa mwenyewe, mmoja mmoja, na kuinyoosha. Bati likitoka juu ya ukuta, chumba hugeuka kitu kidogo sana. Sikujua kwamba kilikuwa kidogo hivyo. Anastazia alichuma machungwa yote, mabichi na mabivu, mpaka miti ikabaki majani. Akasema shamba la kijiji lianze na majani. Mara mbili nilirudi kuangalia kama tumesahau kitu. Hatukusahau.

Lupakisyo akaja bila kuitwa, na wajukuu zake, na wimbo wa kusukumia mabehewa. Wakabeba mabati kichwani. Njia nzima alikuwa akitangaza, pisheni, pisheni, mji wa Ziwani unahama! Nilipomfikia akaniuliza kwa sura ya unyenyekevu, Mwalimu, na lile ziwa tuliweke wapi, uani au jikoni? Watu walicheka mpaka wakaangusha mlango wangu. Umepata mkwaruzo.

Lakini sharti niandike ukweli. Kwenye ugawaji wa viwanja, Lupakisyo aliniambia nichague kabla ya wengine. Akanionyesha pembe moja yenye mkwaju, akasema hapa patakufaa, una kifua, upepo wa hapa ni mzuri. Nikamshukuru. Kwa kifupi.

Anastazia amekipenda kiwanja. Kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano, amecheka. Mwanakheri amepewa kiwanja cha nyuma yetu. Bado hanisalimu, ila leo alimpa Anastazia moto wa kuwashia jiko.

Jumatano, 23 Oktoba 1974

Kuta zimesimama. Bati lilipanda jana. Anastazia amefungua masanduku, amepanga vikombe kwenye kabati na ametundika pazia.

Kiwanja ni bora kupita nilivyodhani. Kipo tambarare. Barabara mbili zinakutana mbele yake, gari hugeuka bila taabu. Kivuli asubuhi na jioni. Ukisimama kizingitini unaiona treni ikiingia Kilosa. Mchwa hakuna hata mmoja, nimechimba pembe zote nne kuhakikisha.

Kesho Ndugu Cleopa anakuja kuthibitisha viwanja, na kuchagua mahali pa kujenga duka la ushirika na ghala la kijiji. Lupakisyo amepita nyumba hadi nyumba tangu asubuhi akiwashauri watu waseme viwanja vyao vina mchwa. Mwanakheri amekwisha kuokota kichuguu mahali fulani na kukiweka mlangoni pake. Aibu!

Lupakisyo alikuja kwangu pia. Safari hii hakucheka. Akavua kofia, akasema, Mwalimu, nakusihi kama ndugu yangu wa tumbo moja, kesho sema mchwa. Neno moja tu. Mchwa.

Nikamjibu kwamba mimi sikulelewa hivyo. Hakuna mchwa hapa. Na mtu mwenye kiwanja kizuri anapaswa kukieleza vizuri, ili mamlaka ijue kwamba kipo mikononi mwa mtu anayekithamini. Wakijua hivyo, nani atathubutu kunigusa? Akavaa kofia yake, akaondoka akitikisa kichwa. Wivu.

Nimeandika maelezo mafupi, ukurasa mmoja tu, maana Ndugu Cleopa ana shughuli nyingi. Nimetaja utambarare, njia panda, ukavu wa sakafu na nafasi ya lori kugeuka. Nimehitimisha kwamba katika kijiji kizima hakuna mahali pengine panapolingana na hapa.

Jioni hii nimemsomea Anastazia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akainuka, akashusha pazia, na sasa namsikia chumbani akirudisha vikombe sandukuni, kimoja kimoja.

Bila shaka anataka nyumba iwe na nafasi mgeni aingiapo.